Mitego ya Kampuni za Kujichapishia Vitabu, na Namna ya Kuzikagua Kabla Hujalipa

Kabla hujauliza bei ya huduma, iulize kampuni inayotaka kukuchapishia kitabu swali moja: pesa zenu nyingi zinatoka kwa nani, wasomaji au waandishi? Kampuni inayoishi kwa mauzo huchagua miswada, huihariri kwa makini na huhangaika kutafuta wanunuzi, maana kitabu kikidoda nayo inaumia. Inayoishi kwa ada za waandishi imekwishapata faida yake siku ulipolipa. Kitabu kikiuza nakala 10 au 10,000, kwake ni mamoja. Kuuza huduma si kosa. Msanifu wa majalada anauza huduma, mhariri wa kujitegemea vilevile. Tatizo huanza pale muuza huduma anapojivika joho la mchapishaji, akachukua pesa yako kama fundi na haki zako kama mchapishaji, vyote kwa pamoja.

Tambua uko mbele ya nani

Mchapishaji wa kawaida hununua haki za kitabu. Anakulipa wewe, na gharama za uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji ni zake. Akikuomba "uchangie kidogo", huyo si mchapishaji wa kawaida tena, hata barua yake iwe na nembo ya dhahabu.

Majukwaa ya kujichapishia kama KDP (huduma ya Amazon), Draft2Digital, Lulu na IngramSpark hayakutozi ada ya kupakia kitabu. Unapakia faili mwenyewe, nakala inachapwa pale tu mtu anapoinunua, na jukwaa linakata gharama ya uchapaji pamoja na asilimia yake. Uhariri na usanifu ni juu yako. Ni vizuri kuyajua majukwaa haya hata kama hutayatumia mwenyewe, kwa sababu kampuni nyingi zinazotoza ada kubwa huyatumia hayohayo nyuma ya pazia, kisha zinakuuzia kama "mtandao wetu wa usambazaji".

Halafu kuna kampuni za vifurushi, zenye majina ya madini: shaba, fedha, dhahabu, almasi. Hapa ndipo waandishi wapya wengi hunaswa. Mwisho kuna wachapishaji chotara, ambao mwandishi hugharamia sehemu ya kazi na kampuni nayo huweka jasho lake. Wazuri wapo. Chama cha wachapishaji huru cha Marekani, IBPA, kilitoa vigezo vya kuwapima mwaka 2018 na kuviboresha mwaka 2022. Miongoni mwake ni kwamba mchapishaji chotara awe anachuja miswada, atimize viwango vya kitaalamu katika uhariri na usanifu, na amlipe mwandishi mrabaha (fungu lake katika kila nakala inayouzwa) mkubwa kuliko ule wa mchapishaji wa kawaida. Kampuni inayojiita chotara na haijawahi kumkataa mtu yeyote inauza vifurushi tu kwa jina jipya.

Usitegemee jina kubwa mlangoni. Kampuni ya Author Solutions imekuwa ikiendesha majina mengi kwa wakati mmoja, yakiwemo AuthorHouse, iUniverse, Xlibris na Trafford. Mwandishi anayekimbia jina moja kwa sababu ya malalamiko anaweza kujikuta anasaini na jina la pili la nyumba ileile. Zaidi ya hapo, wachapishaji wakubwa wenyewe waliwahi kufungua milango ya kujichapishia na kuikabidhi kazi hiyo Author Solutions: Simon & Schuster walianzisha Archway mwaka 2012, na Thomas Nelson walianzisha WestBow mwaka 2009. Ukiona jina la mchapishaji maarufu kwenye tangazo la kujichapishia, uliza ni kampuni gani hasa itakayokihariri kitabu, itakayokutumia ankara na itakayosaini mkataba. Hiyo ndiyo unayoichunguza.

Simu iliyokutafuta wewe

Wachapishaji wa kweli wamezidiwa na miswada. Hawana muda wa kumpigia simu mwandishi wasiyemjua. Simu au barua pepe inayokuja yenyewe, ikikisifu kitabu chako kwamba kina "uwezo wa kuwa filamu", ianze na alama ya kuuliza. Muulize anayesifu: mhusika gani alikugusa, na katika sura ya 7 kinatokea nini? Aliyesoma atajibu bila shida. Asiyesoma ataanza kukueleza kuhusu soko.

Kinachoaminika zaidi katika utapeli huu ni kujifanya wakala au mhariri wa nyumba kubwa inayojulikana. Angalia herufi zilizo baada ya alama ya @ katika anwani ya barua pepe, moja baada ya nyingine: kistari kilichoongezwa, neno kama "books" au "press" lililobandikwa, au anwani ya bure tu. Kisha usijibu barua hiyo. Tafuta tovuti rasmi ya nyumba yenyewe, chukua mawasiliano huko, uulize kama mtu huyo anafanya kazi kwao. Haki za filamu hununuliwa na mtayarishaji, naye ndiye anayelipa. Ukiambiwa ulipie "muhtasari wa kisinema" au "uwakilishi Hollywood", funga mazungumzo. Biashara hii si ndogo: mwanzoni mwa 2025 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya watu 3 wanaodaiwa kuwatapeli waandishi zaidi ya 800 jumla ya dola zaidi ya milioni 44 kwa mbinu za aina hii.

Punguzo linaloisha usiku wa leo nalo ni dalili. Hakuna kazi ya uhariri ambayo bei yake hubadilika saa sita usiku.

Fumua kifurushi

Usinunue kifurushi kabla hakijafumuliwa. Omba kwa maandishi orodha ya kila huduma na bei yake peke yake, kisha tafuta wataalamu wawili wa kujitegemea kwa kila huduma ulinganishe. Kampuni ikikataa kutenganisha bei, tayari umepata jibu. Utakachokikuta mara nyingi ni kwamba nusu ya vitu vilivyoorodheshwa ni vya bure au karibu na bure: kupewa ISBN (nambari ya kukitambulisha kitabu), kuorodheshwa Amazon, ukurasa wa mwandishi, msimbopau wa nyuma ya jalada, vialamisho vya karatasi.

Uhariri ndio unaofichwa zaidi. Neno hilo linaweza kumaanisha kazi nne tofauti: uhariri wa muundo, unaoangalia mpangilio wa kitabu kizima, uhariri wa mtindo, unaonyoosha sentensi, uhariri wa lugha, unaosahihisha sarufi, tahajia na ulinganifu, na kusoma prufu, ambako mtu hupitia kurasa zilizokwisha kupangwa akitafuta makosa yaliyosalia. Kampuni nyingi za vifurushi huandika "uhariri" zikimaanisha kuupitisha mswada kwenye programu ya kusahihisha. Dai liandikwe: uhariri wa aina gani, raundi ngapi, nani ataufanya na kwa siku ngapi.

Muda peke yake unatosha kumfichua mwongo. Wahariri huhesabu ukurasa mmoja kuwa maneno 250. Mswada wa maneno 80,000 ni kurasa 320. Mhariri wa lugha makini hupitia kama kurasa 5 hadi 10 kwa saa. Kwa mwendo wa kurasa 8, hiyo ni saa 40, yaani wiki nzima ya kazi kwa mtu asiyefanya kingine chochote. Ukiahidiwa mswada huo baada ya siku mbili, hakuna binadamu aliyeusoma. Kabla ya kulipa, omba sampuli ya uhariri ya maneno 1,000 kutoka katikati ya mswada, si mwanzoni ambako umekwishapang'arisha mwenyewe. Sampuli ionyeshe mabadiliko yakiwa yamefuatiliwa, ili uone kilichoguswa na kilichoachwa.

Jalada lina mtego wake wa hesabu. Unene wa mgongo hutegemea idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Kwa vipimo vya KDP, karatasi ya rangi ya maziwa ina unene wa inchi 0.0025 kwa ukurasa, na nyeupe inchi 0.002252. Kitabu cha kurasa 300 kwenye karatasi ya maziwa kina mgongo wa inchi 0.75, karibu milimita 19. Kwenye karatasi nyeupe ni kama milimita 17. Hizo milimita 2 zinatosha kulisogeza jina la kitabu hadi likunjike upande wa mbele. Kwa hiyo jalada kamili halikamilishwi kabla mpangilio wa kurasa za ndani haujakamilika. Kampuni inayokuharakisha uidhinishe jalada zima mwanzoni, kisha ikakutoza "marekebisho" kurasa zilipoongezeka, imekutoza kwa kosa lake yenyewe. Mkataba useme raundi ngapi za marekebisho ni bure, na kwamba makosa ya msanifu hayahesabiwi kuwa marekebisho yako.

Uliza pia picha na fonti za jalada zina leseni ya nani. Picha iliyookotwa mtandaoni itakufuata wewe, kwa kuwa jina lililoandikwa mbele ni lako.

ISBN na hakimiliki

ISBN ina tarakimu 13 tangu Januari 2007, na inaanza na 978 au 979. Ndani yake kuna kundi la tarakimu linalomtambulisha mchapishaji aliyesajiliwa. Hapo ndipo suala lilipo: ISBN ikiwa ya kampuni, mchapishaji wa kitabu chako katika orodha zote za dunia ni kampuni hiyo, na ukiondoka nambari haihami nawe. Utahitaji nyingine, na toleo jipya. Kila umbo la kitabu nalo linahitaji nambari yake: jalada jepesi, jalada gumu na kitabu cha kielektroniki ni nambari 3, si moja.

Kila nchi iliyo katika mfumo huu ina wakala wake wa ISBN, mara nyingi maktaba ya taifa. Baadhi hutoa nambari bure, nyingine huziuza. Muulize wakala huyo kwanza kabla hujalipa kampuni kwa "huduma ya ISBN". Ile ya bure ya KDP inafaa kwa anayetaka kuuza huko tu, maana haitumiki kwingine.

Hakimiliki ni jambo jingine kabisa, na ISBN haikupi. Chini ya Mkataba wa Berne, uliosainiwa mara ya kwanza mwaka 1886, kazi inalindwa tangu inapoundwa, bila usajili wala ada. Katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, usajili una faida ukitaka kushtaki, lakini ni fomu ambayo mwandishi huijaza mwenyewe. Ukiambiwa kitabu "hakina ulinzi" mpaka ulipie kifurushi cha dhahabu, ujue unauziwa hofu.

Mkataba, kifungu kwa kifungu

Soma mkataba kabla ya kulipa hata amana. Kampuni nyingine huuficha ndani ya kisanduku cha "nimekubali masharti" kwenye ukurasa wa malipo. Pakua maandishi hayo, yahifadhi na tarehe yake. Ukiweza, mlipe wakili saa moja ausome. Ni nafuu kuliko chochote kilichomo kwenye kifurushi.

Haki. Anayelipia uchapishaji hana sababu ya kuhamisha hakimiliki. Tafuta maneno "anahamisha", "anakabidhi" na "kwa muda wote wa hakimiliki", na uyakatae. Kinachotosha ni leseni, na unaweza kuwapa sentensi kama hii: "Mwandishi anaipa Kampuni leseni isiyo ya kipekee ya kuchapa na kuuza Kitabu kwa karatasi na kwa kielektroniki, kwa miezi 24. Haki nyingine zote zinabaki kwa Mwandishi." Hiyo "isiyo ya kipekee" ndiyo inayokuruhusu kukiuza mwenyewe sambamba nao. Tafsiri, filamu, kitabu cha sauti, sauti iliyotengenezwa na mashine, na kitabu kutumika kufundisha programu za akili unde, vyote viwe nje ya leseni mpaka vizungumzwe kimoja kimoja. Vikiwa vimekusanywa chini ya "miundo yote iliyopo na itakayobuniwa", vitatoweka bila wewe kujua ulivitoa lini.

Kuondoka. Kifungu cha kuvunja mkataba kisome mara mbili. Kizuri husema upande wowote unaweza kuondoka kwa notisi ya maandishi ya siku 30 hadi 90, bila ada. Kibaya hukufunga miaka 7, au hukutaka ulipie "gharama za kufungia kitabu". Kibaya zaidi husema haki zitarudi kitabu kitakapoisha sokoni. Kwa uchapaji wa nakala moja moja kitabu hakiishi kamwe, kwa kuwa faili ipo tu kwenye kompyuta. Badilisha kipimo kiwe mauzo: kitabu kikiuza chini ya nakala 50 ndani ya miezi 12, mwandishi anaweza kudai haki zake.

Faili. Kazi uliyoilipia ni yako, lakini mkataba usiposema hivyo utapewa PDF yenye ulinzi, au hutapewa kitu. Andika kwamba utakabidhiwa faili ya kurasa za ndani inayoweza kuhaririwa pamoja na PDF ya kuchapia, EPUB ya kitabu cha kielektroniki, jalada likiwa na tabaka zake zote pamoja na PDF yake, na nakala za leseni za picha na fonti. Zaidi, makabidhiano hayo yafanyike kila hatua inapokamilika, si mwisho wa safari. Sababu ni hii: Tate Publishing ya Oklahoma ilipofunga milango Januari 2017, waandishi waliachwa wakihangaikia faili, haki na pesa zao, na wamiliki wake wakafikishwa mahakamani mwaka huohuo. Kifungu kinachosema haki zitarudi kampuni ikifilisika kinafaa kuwepo, ila mahakama za ufilisi huwa na taratibu zake. Faili iliyo tayari kwenye diski yako haimsubiri hakimu.

Kitabu kijacho. Mikataba mingine huipa kampuni haki ya kwanza ya kukiona, au hata kukichapisha, kitabu chako kinachofuata. Futa.

Pa kushtakiana. Kikiwa kifungu kinasema mgogoro utaamuliwa katika mji ulioko bara jingine, chini ya sheria usiyoijua, basi pesa ikidhulumiwa hutaifuata. Pima kiasi unachotoa kwa kipimo hicho.

Hesabu ya mrabaha

Tuchukue kitabu chenye bei ya jaladani 100, kwa sarafu yoyote. Kuchapa nakala moja kunagharimu 25. Kikiuzwa kupitia maduka ya vitabu, msambazaji na duka huchukua punguzo la jumla, ambalo aghalabu huwa kati ya asilimia 40 na 55. Tuseme 55. Zinabaki 45, toa 25 za uchapaji, zinabaki 20. Hizo 20 ndizo mkataba unaziita mapato halisi, na ule mrabaha wa asilimia 50 ambao kampuni ya vifurushi huutangaza kwa herufi kubwa ni nusu ya hizo: 10.

Kitabu hichohicho ukikipakia mwenyewe KDP kwa kiwango chao cha asilimia 60, ni 60 toa 25, sawa na 35 mkononi mwako. (Tangu Juni 2025 kiwango hicho kimeshuka hadi asilimia 50 kwa vitabu vya karatasi vya bei ya chini, visivyofika dola 9.99 kwenye duka lao la Marekani. Kwa hesabu yetu ungebaki na 25.)

Sasa ingiza ada. Kifurushi kinachogharimu sawasawa na nakala 150, yaani 15,000, kinahitaji kuuza nakala 1,500 kwa mrabaha wa 10 ndipo pesa yako irudi. Kwa 35 kwa nakala, kiasi hichohicho kinarudi ukiuza nakala 429. Fanya hesabu hii kwa namba halisi za kampuni uliyo nayo mezani. Wakikataa kukuambia gharama ya kuchapa nakala moja, huwezi kuifanya, na ndiyo maana wanakataa.

Kuna upande ambao wengi hawauangalii: nakala unazonunua mwenyewe. Kampuni inakupa kwa fahari "punguzo la mwandishi la asilimia 40". Unalipa 60 kwa kitabu kilichochapwa kwa 25. Kampuni imepata 35 kwako, wakati kwa msomaji wa dukani ingepata 10. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wakala wao hakomi kukupigia simu ununue boksi zaidi, na kwa nini mikataba mingine inalazimisha ununue idadi fulani. Bei sahihi ya nakala za mwandishi ni gharama ya uchapaji, usafiri, na nyongeza ndogo inayotajwa kwa asilimia.

Mkataba utaje makato yote kwa majina. Maneno "na gharama nyinginezo" ni shimo lisilo na kina. Taarifa za mauzo zitoke angalau kila robo mwaka, zikionyesha nakala ngapi, za umbo gani, kupitia duka gani. Na kiwepo kifungu cha kukuruhusu kukagua hesabu zao. Kampuni inayochapa kwa wingi kiwandani idaiwe pia hati ya kiwanda inayoonyesha idadi iliyotoka, maana ziada isiyoandikwa popote huuzwa bila mrabaha.

Njia rahisi ya kuwapima: kitabu kikitoka, mwombe rafiki anunue nakala 1 dukani mtandaoni, uhifadhi risiti. Angalia kama inaonekana kwenye taarifa ya kipindi hicho au kinachofuata. Isipoonekana, una ushahidi badala ya wasiwasi.

"Kitapatikana katika maelfu ya maduka"

Kupatikana maana yake kimeingizwa kwenye katalogi, na duka likitaka linaweza kukiagiza. Hakuna rafu iliyoahidiwa. Duka huangalia mambo mawili kabla ya kuagiza: punguzo la jumla na uwezekano wa kurudisha nakala zisizouzwa. Kitabu chenye punguzo la asilimia 20 kisichorudishika hakiwekwi rafuni, hata kiwe kizuri vipi. Kikiwa kinarudishika, uliza nani anabeba gharama ya nakala zinazorudi. Mara nyingi ni mwandishi, na makato yanaweza kufika miezi mingi baada ya mrabaha wa nakala hizo kukuingia.

Kuhusu matangazo, kataa nomino na udai vitenzi. "Kampeni ya mitandao ya kijamii" si kitu. Machapisho mangapi, kwenye ukurasa gani, wenye wafuasi ambao ni wasomaji au ni waandishi wenzako waliolipa? Taarifa kwa vyombo vya habari inayotumwa kwa anwani maelfu haisomwi. Kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya vitabu huwa ni nakala moja iliyosimama kwenye rafu na nyingine mia. Maoni ya wasomaji yaliyonunuliwa ni hatari hasa: Amazon inayakataza, huyafuta, na inaweza kufunga akaunti. Na usishangazwe na ahadi ya kukufanya "namba moja kwa mauzo", maana katika kategoria ndogo iliyochaguliwa kwa ujanja, mauzo machache ya saa moja yanatosha.

Jambo moja la kiufundi linalosahaulika: akaunti. Kampuni ikikipakia kitabu kwenye akaunti yake ya KDP, mauzo, bei na pesa vyote viko mikononi mwake. Fungua akaunti kwa jina lako na taarifa zako za benki na kodi, wao wakukabidhi faili, upakie mwenyewe. Ni kazi ya saa moja hivi, na ukaguzi wa jukwaa huchukua hadi saa 72.

Ukaguzi wa wiki mbili

Agiza vitabu 2 vya kampuni hiyo vya waandishi tofauti, kama mnunuzi wa kawaida. Vipime kwa mkono: fungua katikati uone kama gundi inaachia au maandishi yanazama kwenye mkunjo; angalia picha kama ni hafifu (za kuchapa zinahitaji nukta 300 kwa inchi); tafuta makosa katika kurasa 10 za katikati. Soma ukurasa wa hakimiliki uone jina la nani limeandikwa.

Kisha tafuta waandishi wao. Wale kampuni inaokupa ni wale wanaofurahi. Tafuta wengine mwenyewe kupitia majina kwenye majalada, uwaandikie watano. Usiwaulize kama wanaipenda kampuni. Waulize: ulilipa kiasi gani jumla hadi mwisho, nyongeza zisizotajwa zilikuwa zipi, taarifa ya mwisho ya mauzo ilikuja lini, faili zako unazo? Walioondoka wana thamani kuliko waliobaki. Pitia pia orodha ya onyo ya Writer Beware, ambayo imekuwa ikifuatilia matapeli wa waandishi tangu 1998, na tathmini za kampuni zinazotolewa na chama cha waandishi huru, Alliance of Independent Authors. Ukitafuta malalamiko, tafuta pia kwa jina la mmiliki na anwani ya ofisi, kwani jina la kampuni hubadilishwa kirahisi kuliko hivyo viwili.

Ukishaamua, lipa kwa hatua: asilimia 30 kuanza, 40 baada ya kupokea mswada uliohaririwa na kuuridhia, 30 ukishashika nakala ya majaribio ya karatasi. PDF kwenye skrini haitoshi kuidhinisha. Rangi ya jalada na nafasi ya mgongo huonekana kwenye karatasi tu. Tumia njia ya malipo inayokuruhusu kupinga muamala.

Ukiwa tayari umenasa

Usianze kwa kugombana kwenye simu. Siku hiyohiyo piga picha za skrini za kurasa zote za kitabu chako mtandaoni, taarifa za mauzo na dashibodi ya mwandishi, pakua kila faili unayoweza kuifikia, kusanya mkataba na risiti. Kisha andika barua ukitaja namba ya kifungu cha kuvunja mkataba, tarehe ya mwisho ya notisi, na madai 3: haki zirudi kwa maandishi, kitabu kiondolewe mauzoni, faili zikabidhiwe. Tuma kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa. Kama ulilipa kwa kadi na huduma haikutolewa, iandikie benki mapema. Dirisha la kupinga malipo huhesabiwa kwa siku, na barua za kampuni za "tunalishughulikia" huwa zinalisubiri lifungwe.

Ukikosa faili, mswada wako wa mwisho bado ni wako: mpangilio wa kurasa na jalada vitengenezwe upya. Usinakili jalada lao, kwa sababu leseni ya picha huenda ni ya kampuni. Toleo jipya lichukue ISBN mpya na ukurasa wa hakimiliki wenye jina lako. Ukurasa wa toleo la zamani mara nyingi hubaki Amazon kwa ajili ya wauzaji wa nakala zilizotumika. Hutaweza kuufuta, ila jina la kitabu na la mwandishi yakifanana herufi kwa herufi, unaweza kuwaomba wayaunganishe matoleo hayo mawili, na maoni ya wasomaji wa zamani yakaonekana kwenye jipya.